Diski Haijafa

Ukiingia leo kwenye vibanda vya mafundi kompyuta pale Korogwe mjini, kuanzia stendi mpaka Manundu, ukamwambia kijana aliyeko mezani kwamba diski yako inapotea na kurudi yenyewe, hatakuuliza inapotea saa ngapi. Hatakuuliza imechomekwa wapi, wala nani mwingine anaitumia. Atakuambia, "Hiyo imekufa, mzee, tutafute nyingine." Akiwa na huruma kidogo atasema, "Tupige fomati tuone." Na wewe, kwa kuwa unawahi basi la Tanga, utaitikia. Hesabu za ofisi za miaka minne zitafutika mbele ya macho yako kwa kosa ambalo diski haikulitenda.

Simlaumu kijana peke yake. Soko ndilo lililomfundisha. Diski zimejaa Kariakoo, mpya na za mtumba, za kweli na za kughushi, na mteja hulipia kwa moyo mweupe kitu anachokishika mkononi kuliko saa tatu za mtu aliyekaa kimya akitazama skrini. Lakini kazi ninayotaka kuisifu ni hiyo hiyo ya kukaa kimya: kazi ya kukaa na kompyuta ya Linux mpaka ujue kwa nini inatangaza kwamba diski imebadilika, wakati wenye ofisi wanaapa hakuna aliyeigusa.

Na Korogwe si mji wa kuchezea kumbukumbu. Hapa ndipo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilipofanyia sehemu ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoshiriki awamu ya tatu iliyoanza mwaka 2009, awamu iliyohusisha watoto zaidi ya 15,000 kwa jumla. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, miongoni mwa yaliyotegemewa ni rekodi zilizotunzwa mwaka hadi mwaka, za watoto wa hapa zikiwemo. Mji uliotoa rekodi za namna hiyo hauna sababu ya kufuta diski ya chama cha wakulima kwa kubahatisha.

Fundi ninayemsifu hataki jina lake liandikwe, nami nimemkubalia. Ni Mzigua wa Handeni, kwao Mazingara, ila meza yake iko Korogwe, nyuma ya duka la vifaa vya shule. Umri wake umeshapita hamsini. Juu ya meza kuna taa, multimita, bisibisi ndogo zilizopangwa kwa ukubwa, na kaunta buku nene ambalo jalada lake limeshikwa kwa selotepu. Hutaona diski zilizopasuliwa. Anasema diski iliyopasuliwa mezani ni ushahidi kwamba fundi alichoka kuuliza.

Hilo daftari nililipenda kuliko vyote. Kila ukurasa una tarehe, serial namba ya diski, saa ambayo tatizo lilitokea, na safu ya mwisho iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: nini kingine kilitokea wakati huo. Umeme ulikatika ukarudi. Mtu alichomeka simu achaji. Mvua. Meza ilihamishwa. Feni iliwashwa. Ukisoma safu nyekundu peke yake unapata habari za ofisi nzima bila kumtaja mtu. Kuna ukurasa wa diski ya nje iliyokuwa ikipotea kila Ijumaa kabla ya saa saba mchana. Wenyewe walishasema ni mkosi, na mmoja alishauri wabadilishe chumba. Safu nyekundu ilipojaa Ijumaa nne mfululizo, ikaonekana kwamba mlinzi alikuwa akichomeka pasi kwenye ekstensheni ile ile, anyooshe kanzu kabla ya swala. Umeme ulishuka, diski ikazimika, ikawaka tena. Fundi hakuuza kitu siku hiyo. Alinunua ekstensheni ya pili kwa hela za ofisi, akaandika risiti.

Yapo mengine mle ndani yanayochekesha, lakini nisiyamalize.

Namna alivyoingia katika kazi hii nayo inastahili kusimuliwa, kwa sababu inaeleza tabia yake. Mwaka 2006 mwalimu mmoja wa sekondari alipokea kwa posta, kwenye sanduku la barua la shule, bahasha ngumu yenye sidii za Ubuntu, mfumo wa Linux. Wasomaji wa rika langu watakumbuka: kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikituma sidii hizo duniani kote bila malipo. Ulijaza fomu kwenye intaneti kafe, ukasubiri wiki na wiki, hatimaye karani wa posta akakuita. Hukulipa nauli wala senti ya diski. Toleo lililokuja lilikuwa 6.06. Mwalimu alizigawa, moja ikamfikia Fundi, ambaye wakati huo alikuwa akirekebisha redio na deki za video.

Ile bahasha ya sidii anayo mpaka leo. Imefifia, kona moja imeliwa na mende, naye ameiweka ndani ya mfuko wa nailoni katikati ya kurasa za daftari la kwanza. Alinionyesha bila kusema neno, akairudisha. Nilimuuliza kwa nini ameihifadhi. Akasema kwamba kilikuwa kitu cha kwanza cha kompyuta kumfikia kikiwa kizima, kikiwa na maelezo yake yote ndani. Windows aliyokuwa akiijua ilikuwa ya kunakili, ikiharibika unanakili tena. Hii ilikuja na kurasa za msaada zilizojaa humo humo, na kwa kuwa intaneti ililipiwa kwa saa, alizisoma kurasa hizo usiku, moja baada ya moja, kamusi ya Kiingereza ikiwa pembeni. Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Alilazimika kuiuliza mashine.

Enzi hiyo ilikuwa na matumaini yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 kupitia mradi wa Kilinux, tukafungua menyu za ofisi kwa Kiswahili, tukadhani baada ya muda mfupi hata ujumbe wa hitilafu utakuja kwa lugha yetu. Huo haukuja. Canonical nayo iliacha kutuma sidii mwaka 2011. Intaneti ikashuka bei, na pamoja nayo ikaja desturi ya kunakili amri ya mtu usiyemjua, kuibandika kwenye mashine ya watu, na kungoja muujiza.

Sasa niseme kazi yenyewe inakaaje. Kerneli ya Linux, kiini chake, ikiona jambo kwenye kifaa hutoa tangazo. Kifaa kikichomekwa, tangazo ni add. Kikichomolewa, ni remove. Hayo mawili hayana utata. Mtu akiyaona kwa diski nzima bila kuchomoa kitu anajua aanzie kwenye kebo na umeme. La tatu ni change, nalo ndilo mtihani, kwa sababu linaweza kutoka kwa wengi. Matangazo yote hupokelewa na programu iitwayo udev, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Greg Kroah-Hartman na wenzake, ambayo kazi yake ni kuvipa vifaa majina na kutunza orodha ya njia za kuvifikia.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalijui ni kwamba udev haingoji kerneli tu. Imejiwekea zamu kwenye diski zenyewe. Programu yoyote ikifungua diski kwa ruhusa ya kuandika, kisha ikaifunga, hata kama haikuandika herufi moja, udev huchukulia kwamba huenda yaliyomo yamebadilika, na yenyewe huamsha tangazo la change. Ni balozi wa nyumba kumi aliyemwona mtu akitoka nyumba ya watu na panga mkononi: hajui kama kuna kilichokatwa, lakini lazima aingie ahesabu wenye nyumba upya. Basi udev husoma tena lebo, aina ya mfumo wa faili, na kuiomba kerneli isome tena jedwali la partisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa.

Diski ikiwa kazini, partisheni zake zikitumika, kerneli hukataa ombi hilo la kusoma jedwali, na mambo hupita bila mtu kujua. Diski ikiwa imelala, haitumiki kwa wakati ule, ombi hukubaliwa. Hapo, kwa matoleo mengi yaliyoko kwenye ofisi zetu, partisheni huondolewa na kurudishwa papo hapo. Kwa chembe ya sekunde jina lake halipo. Ukiwa na bahati mbaya ya kuitafuta katika chembe hiyo, utaambiwa hakuna kitu kama hicho, na utakaporudi kutazama utakikuta kimekaa pale pale.

Mtu asiyejua hili ataapa kwamba diski inakufa.

Kisa kilichonifanya nishike kalamu ni cha huko Mazingara. Kuna ofisi moja ndogo ya wakulima, sitaitaja, yenye kompyuta ya mtumba inayotumia Linux. Ina diski ya ndani yenye hesabu, na diski ya nje ya bakapu inayoamshwa na programu kila siku saa kumi na moja jioni, hesabu zinanakiliwa humo, kisha inalazwa tena. Bakapu ikaanza kushindwa. Siku inafaulu, siku inagoma ikisema partisheni haipo. Fundi wa kwanza aliyeitwa akabadilisha diski ya nje. Ikagoma. Wa pili akanunua nyingine tena, ya kampuni tofauti, pamoja na kebo. Ikagoma. Ndipo wakaipakia kompyuta yote kwenye basi wakaileta Korogwe, na kwa Fundi ikafanya kazi siku tatu bila kosa.

Hapo wengi wangeirudisha, wakapokea hela, wakasema imepona. Fundi aliandika kwenye daftari: diski tatu tofauti, ugonjwa mmoja; mezani hauonekani. Akaniambia kwamba mistari hiyo miwili inatosha kuziachia huru diski zote. Kilichobaki kiko Mazingara, na lazima kifuatwe Mazingara.

Tulipanda gari mpaka Segera, tukashika barabara ya Chalinze, tukapita Kabuku, tukamalizia kwa bodaboda kati ya mahindi na michungwa. Alibeba begi dogo: multimita, flashi yenye vifurushi vya programu kwa kuwa hakutegemea intaneti ya huko, na daftari.

Alipofika hakugusa kompyuta. Alimtafuta anayeitumia. Mhasibu alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu, amekaa pembeni kwa adabu akidhani mafundi hawana shida naye.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hii bakapu inakukatalia siku gani?"

"Siku yoyote tu. Ila mwenyekiti akiwa ameondoka na modemu, inakubali."

"Kila akiondoka nayo?"

"Kila akiondoka nayo."

"Waliokuja kabla yangu uliwaambia?"

"Hawakuniuliza."

Fundi aliandika maneno ya yule dada kwa kalamu nyekundu, kama yalivyotoka. Kisha akavuta kiti, akafungua dirisha la amri, akaandika udevadm monitor --property, amri inayoonyesha matangazo hayo yakitoka, akakunja mikono. Hii ndiyo sehemu ambayo mteja huanza kukereka, maana skrini ni tupu na fundi hafanyi kitu. Mwenyekiti aliingia akatazama, akatoka. Akaingia tena.

Ilipofika saa tano na dakika kumi, mistari ikashuka. Change kwenye diski ya nje. Remove kwenye partisheni yake. Add ya partisheni ile ile. Na kwa diski ya ndani, change tupu, bila remove wala add, kwa sababu ilikuwa kazini. Halafu kimya. Fundi hakushangilia. Alisoma alichokiona, na zaidi alisoma ambacho hakikuwepo. Hapakuwa na neno DISK_MEDIA_CHANGE, ambalo lingesema kadi au sidii imebadilishwa. Alipotazama dmesg, kumbukumbu za kerneli, hapakuwa na taarifa ya USB kukatika wala kuanzishwa upya. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Umeme mzima, kebo nzima, diski nzima. Kuna programu inafungua na kufunga."

Niache kisa kidogo hapo, kwa sababu ustadi wa mtu huyu uko kwenye kutofautisha, na visababishi vingine navyo vina sura zao. Kisoma kadi na tundu la sidii huchunguzwa mara kwa mara kuona kama kuna kilichoingia. Tangu toleo 2.6.38 la mwaka 2011 kerneli inaweza kufanya uchunguzi huo yenyewe, kwa kawaida kila sekunde 2, na kisoma kadi kibovu kinaweza kujaza logi kwa matangazo ya change usiku kucha bila kadi hata moja. Umeme mdogo una sura nyingine: diski ndogo ya nje inayokula umeme kupitia kebo ndefu ya bei rahisi huanguka pale inapoanza kuandika kwa nguvu, na dmesg husema USB imeanzishwa upya. Ajabu ya wilaya hii ni kwamba mitambo ya Hale, yenye uwezo wa megawati 21, iko humu humu Korogwe tangu miaka ya 1960, na bado jioni taa zinafifia. Kebo mbovu ya SATA huonekana kwenye SMART, rekodi ya afya ambayo diski hujitunzia, kwenye hesabu namba 199, ambayo hupanda wakati namba 5 na 197, zinazohusu uso wa diski wenyewe, zimetulia. Fundi anazijua namba hizo kwa moyo. Nimewaona vijana wakibadilisha diski ambayo 5 na 197 zilikuwa sifuri, kebo ya shilingi elfu chache ikabaki ndani ya mashine ikisubiri kuiambukiza ile mpya.

Kwenye mitambo mikubwa ya kuhifadhi data yapo pia matangazo yanayotoka kwenye mtambo wenyewe, ukisema ukubwa wa diski umebadilika au orodha ya diski si ile ya jana. Hayo ni ya Dar es Salaam zaidi. Tuendelee.

Swali lilibaki moja: nani. Fundi alitoa flashi, akaweka auditd, akaandika kanuni ya mstari mmoja inayoiambia kerneli iandike jina la kila anayefungua diski ile kwa ruhusa ya kuandika. Akakunja mikono tena. Saa tano na dakika ishirini mistari ilishuka, na safari hii jina lilikuwepo: parted, chombo cha partisheni, kilichoitwa na skripti, iliyoitwa na cron, mpangaji wa ratiba wa mfumo, kila dakika kumi. Tukafungua skripti. Iliandikwa zamani na mtaalamu aliyeshaondoka, kwa nia njema kabisa. Ilikuwa ikipitia diski zote kuona kama ya bakapu ipo na ina ukubwa gani, kisha kumtumia mwenyekiti ujumbe wa simu kupitia modemu kama kuna kasoro. Mistari ya kwanza iliuliza kama modemu imechomekwa. Isipokuwepo, skripti inajiondokea bila kugusa diski.

Basi yote yakajieleza. Korogwe hatukuwa na modemu, ndiyo maana mashine ilitulia. Mwenyekiti akiondoka na modemu, skripti inalala, bakapu inapita. Modemu ikiwepo, saa kumi na moja kamili jioni skripti na bakapu zinaamka pamoja, kwa sababu saa kumi na moja nayo inaangukia kwenye dakika kumi kumi. Parted ya matoleo ya zamani hufungua diski kwa ruhusa ya kuandika hata ukiiomba ikuonyeshe jedwali tu. Ikifunga, udev inaamka, partisheni inaondoka na kurudi, na bakapu ikibahatika kufika katika chembe hiyo inakuta hakuna kitu. Kilichowekwa ili kuilinda bakapu ndicho kilichokuwa kikiiangusha. Yule dada mhasibu alikuwa na ufunguo wote mkononi kwa miezi.

Tiba ilikuwa mstari mmoja. Fundi aliiondoa parted, akaweka lsblk, ambayo husoma habari zilizokwisha kuandikwa na mfumo bila kuifungua diski kwa kuandika. Iko njia ya mkato, na watu huitumia: unaweza kuandika kanuni ya nowatch ili udev iache zamu kwenye diski ile. Fundi haipendi. Anasema siku jedwali litakapobadilika kweli, udev haitajua, na mtu atakayekuja baada yako atateseka kwa jambo ambalo hukuliandika popote. Na pale ambapo programu kweli inahitaji kuandika kwenye diski, upo utaratibu wa heshima: programu hushika kufuli ya flock kwanza, udev ikikuta kufuli inangoja mpaka kazi iishe. Tangu mwaka 2022 udevadm yenyewe ina amri ya lock kwa kazi hiyo. Wanaoandika skripti za ofisi wachache sana wanaitumia.

Kabla ya kuondoka aliandika juu ya skripti, kwa Kiswahili, kwa nini mstari umebadilishwa, tarehe, na kwamba parted isirudishwe hapo. Halafu akamwita mhasibu, akamwonyesha jinsi ya kuendesha udevadm monitor, akamwambia mistari ikishuka tena aandike saa na kilichokuwa kikiendelea. Yule dada alichukua daftari lake la risiti, akageuza nyuma, akaanza safu mpya. Nilifurahi kuliona hilo kuliko tiba yenyewe.

Kisha ikaja habari ya malipo. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba haoni kilichobadilishwa. Diski mbili na kebo walizilipia kwa bei iliyotajwa, bila kupunguza. Kwa siku nzima ya Fundi, na nauli, waliomba punguzo, nao walipewa.

Nimefikiri sana juu ya punguzo hilo. Ofisi ina kifungu cha kununua vifaa na haina kifungu cha kuvitazama. Mkaguzi akija anataka kuona diski mpya na risiti yake. Hana mahali pa kuandika kwamba diski ya zamani ilikutwa haina hatia. Kwa hesabu hizo, fundi anayebadilisha ni mchapakazi, na fundi anayegundua kwamba hakuna cha kubadilisha anaonekana amekula hela ya bure. Vijana wanaliona. Wawili wamepita kwenye meza ya Fundi kujifunza. Mmoja yuko kwenye vioo vya simu pale stendi, mwingine ameenda Dar es Salaam kuuza laini. Hakuna aliyefika hata nusu ya daftari la pili. Na mashine zenyewe zinawasaidia kukimbia: kompyuta nyingi mpya zinakuja na hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi, hesabu zinahamia kwenye seva za mbali ambazo hakuna fundi wa Korogwe atakayeruhusiwa kuzikaribia. Tangazo la change litaendelea kutolewa huko huko, na watakaolisoma ni watu wa huko.

Lakini kwa sasa mashine za mtumba bado zimejaa kwenye shule zetu, zahanati zetu, na vyama vyetu, kutoka Handeni mpaka Korogwe, na nyingi zina kumbukumbu zisizo na nakala nyingine popote. Kwa hiyo ninawaomba wenye kusaini hundi. Diski ikianza kupotea na kurudi, msiruhusu ifutwe siku ile ile. Mwombeni fundi akuonyesheni mistari ya logi ya saa diski ilipopotea. Akisema hana, mtafuteni mwingine. Mkalisheni anayeitumia mashine kila siku katika mazungumzo hayo, hata akiwa mdogo kuliko wote ofisini. Na kwenye bajeti ya mwaka ujao, kabla ya kifungu cha diski mpya, wekeni siku za fundi kukaa na mashine akiitazama, mzilipe kwa bei kamili.